Joto la Kuvaa: Usiku wa Mwandoya

Pamba huanza kukuonyesha njia ya Mwandoya mapema. Ukitoka Bariadi na kuipita Lagangabilili, miiba ya migunga kando ya barabara imenasa nyuzi nyeupe zilizopukutika kwenye malori na mikokoteni ya ng'ombe, na kila penye kituo cha kununulia kuna watu wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri mizani. Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 uliondoka na sehemu kubwa ya mashamba ya pamba ya nchi hii, na ndio unaoongoza kwa zao hilo. Mwandoya yenyewe, ndani ya wilaya ya Meatu, ni mji mdogo wa udongo mweusi, mabati yanayometa na vumbi la ng'ombe. Mchana jua linachoma. Mtu wa Tanga kama mimi anajiona yuko kwao, mpaka jua lizame.

Kwetu pwani usiku wa Julai ni upepo wa kusi tu. Mtu hutandika mkeka barazani, akajitanda khanga au shuka, na asubuhi akaamka ana jasho shingoni. Huku bara mambo ni mengine. Uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni kavu, mbingu haina wingu hata moja la kuifunika nchi, na joto lote ambalo ardhi ililikusanya mchana linapaa na kupotea. Hiki ndicho kipupwe cha Usukumani. Hakina barafu wala umande mzito, lakini kinapenya mfupa.

Nilikwenda huko na machela: kitambaa chepesi cha nailoni, mikanda miwili mipana ya kuzungushia miti, na chandarua. Kwa wazee wa pwani machela ni chombo cha kubebea wagonjwa na wakubwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton alibebwa hivyo na wapagazi wa misafara miguu yake ilipokataa kutembea, kabla ya mwenzake John Hanning Speke kuelekea kaskazini, kukatiza nchi ya Wasukuma na kufika Mwanza Agosti 1858. Machela yangu haibebwi na mtu. Inaning'inia kati ya miti miwili, nami nalala humo juu ya siafu, nge na mawe. Na mfuko wa kulalia sikuwa nao. Nilikuwa na koti nene, suruali yenye bitana, soksi za sufu na kofia ya mzula, kwa sababu niliwahi kuona jinsi mfuko wa kulalia unavyomsumbua mtu kwenye machela: kuingia ni mapambano, kutoka ni mapambano zaidi, na kila anapojigeuza zipu inajikunja mgongoni. Nilitaka kujua kama nguo peke yake inatosha. Sikujua kwamba ninakwenda kwa watu waliokwishalimaliza swali hilo zamani.

Jibu la kwanza nililipata mnadani. Siku ya mnada Mwandoya inajaa ng'ombe, mbuzi, mitungi ya maziwa mgando, masufuria, tumbaku na marundo ya mitumba yaliyomwagwa juu ya maturubai. Mwenye rundo la makoti alikuwa kijana mwenye sauti ya kupasuka. Niliwatazama wateja wake zaidi ya nguo zenyewe, maana walichagua tofauti na watu wa Dar es Salaam. Huku hakuna aliyetafuta jina la kampuni wala rangi. Walilishika koti, wakalikunja, wakalibana kwa nguvu kwenye kiganja, kisha wakaliachia na kungoja.

"Bonyeza, kaka," kijana aliniambia alipoona nimeduwaa. "Likirudi kuvimba, lina joto. Likibaki bapa, hilo ni la kwenda nalo harusini."

Elimu yote ya nguo za baridi imo katika maneno hayo. Kitambaa hakizalishi joto. Joto ni la mwili, na kinacholizuia lisitoroke ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, iwe manyoya ya bata, sufu, pamba au nyuzi za plastiki. Koti linalovimba limeshika hewa nyingi. Lililolala bapa, hata liwe zito kiasi gani, hewa yake imeshatoka. Wateja wa kijana yule walikuwa wachungaji, walinzi wa maghala na vijana wa doria ya usiku, watu ambao usiku wao unapita nje, na vidole vyao vilikuwa vinalijua jambo hilo vizuri.

Jioni nilikaribishwa katika mji wa mzee mmoja nje kidogo ya mnada. Nilimpa shikamoo, akaipokea, kisha akanifundisha kusema "Mwadila" kwa wote waliokuwa wameketi. Tulikula michembe iliyopikwa kwa karanga, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, vinaitwa matobolwa. Chakula cha akiba kwa nchi ambayo mvua zake ni za kubahatisha, na ladha yake ina utamu wa moshi ambao sijauonja kwingine. Mzee alinisukumia bakuli tena na tena. Mtu anayelala nje, alisema, asilale na tumbo jepesi, maana usiku kucha mwili unachoma kuni zake wenyewe.

Chumba kimoja cha nyumba ile kilikuwa kimejaa pamba tangu sakafuni hadi karibu na dirisha, mavuno yaliyokuwa yakingoja bei. Wajukuu wawili walikuwa wamelala juu yake, wamezama mpaka mabegani, bila blanketi. Nikakumbuka magodoro ya sufi ya utoto wangu Tanga, yaliyoanikwa juani kila wiki ili yarudi kuvimba.

Mzee aliniruhusu nifunge machela katika ngitili yake. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa masika yote ili nyasi na miti vikae akiba ya kiangazi, desturi ya Wasukuma iliyokaribia kufa na ikafufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, wakati Meatu bado ikiwa chini ya Shinyanga. Leo ukipita Meatu wakati wa kiangazi, visiwa vya miti unavyoviona kati ya mashamba matupu mara nyingi ni ngitili za watu au za vijiji. Mzee aliikagua mikanda yangu kwa makini sana, akaridhika ni mipana na haikati gome. Tukachagua mkwaju na mgunga mkubwa. Kisha akaibonyeza machela kwa chini, pale mgongo wangu utakapolalia, na akatikisa kichwa.

"Juu utakuwa na koti," alisema. "Na huku chini, nani anakushikia?"

Alikuwa amegusa udhaifu mkubwa wa machela. Mtu akilala chini, ardhi humchukulia joto. Akining'inia, upepo ndio unaopita chini yake na kulichota. Uzito wa mwili nao unalikandamiza koti mgongoni mpaka hewa yote inatoka, ikawa ni sawa na lile koti la harusini. Mfuko wa kulalia hauliponyi tatizo hilo, kwa kuwa nao unakandamizwa vilevile. Ndiyo maana watu wa machela duniani kote hutandika kitu kisichokubali kukandamizwa, kama kipande cha sponji ngumu, au wananing'iniza tandiko jingine chini ya machela, lisiloguswa na uzito. Mimi nilikuwa na kipande cha sponji. Mzee hakukiamini. Alileta kiroba kitupu, akakijaza majani makavu ya ngitili na kukishona mdomo kwa kamba ya katani. Nikalala juu ya majani yake, na mgongo wangu haukulalamika.

Akanipa na agizo la pili: nibadilishe fulana kabla ya kuvaa koti. Fulana ya pamba niliyoshinda nayo juani ilikuwa na unyevu wa jasho, na pamba ikishika maji haiyaachii upesi. Usiku maji hayo yanageuka kuwa baridi juu ya ngozi. Lilinigusa kulisikia neno hilo kwa mkulima wa pamba, aliyekuwa na chumba kizima cha zao hilo nyuma ya mgongo wake. Analijua zao lake kwa wema wake na kwa ubaya wake.

Lakini hoja kubwa, ile iliyonisukuma kuandika makala haya, niliipata kwa mlinzi wa ghala la pamba. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa kabuti refu juu ya koti la mtumba lenye kofia, na juu ya yote lubega la rangi ya zambarau. Rungu, tochi, filimbi. Nilimuuliza kwa nini hana blanketi, maana kiti chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani na alionekana wazi kwamba anasinzia humo.

"Blanketi ni la mtu aliyefunga mlango," alinijibu.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu usiku ule. Blanketi na mfuko wa kulalia vinamtaka mtu aliyeikabidhi nafsi yake kwa kuta. Vinakupa joto kwa sharti kwamba usiondoke. Ukiinuka unaliacha joto kitandani, na ukirudi unalikuta limepoa. Koti ni tofauti, kwa kuwa joto lake linainuka nawe, linakimbia nawe, linarudi nawe. Kwa mchungaji, mlinzi au mvuvi, usiku ni zamu, na usingizi unapatikana ndani ya zamu hiyo kwa vipande.

Niliyashuhudia hayo. Saa tisa usiku mwano ulipigwa kutoka upande wa mazizi, ule ukemi wa hatari ambao kwa Wasukuma kila mwanamume anayeusikia anapaswa kuuitikia na kuukimbilia. Ndiyo desturi iliyozaa Sungusungu, walinzi wa jadi walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi kupambana na wezi wa ng'ombe, wakaenea nchi nzima. Sijawahi kuona watu wanaamka hivyo. Hapakuwa na kupapasa nguo wala kutafuta viatu. Walioonekana kuwa marundo ya vitambaa chini ya miti walikuwa tayari ni watu wanaokimbia, na mwano ukawa unaruka kutoka mji mmoja hadi mwingine. Nami niliteremka kwenye machela na kukimbia nyuma yao, koti limefungwa, kofia kichwani, sina baridi hata kidogo. Alikuwa fisi kwenye zizi la mbuzi. Alikimbizwa kabla hajajeruhi mnyama. Dakika chache baadaye kila mtu alikuwa amerudi mahali pake na wengine wameshaanza kukoroma.

Kusini mashariki mwa Meatu, kuelekea Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao kulala nje kwao ni jambo la vizazi visivyohesabika. Mwaka 2017 mtafiti David Samson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kila wakati kulikuwa na mtu macho, bila zamu kupangwa: vijana wanachelewa kulala, wazee wanaamka mapema, wengine wanashtuka katikati. Utafiti mwingine uliotangulia, wa mwaka 2015, uliowahusu wao pamoja na jamii nyingine mbili za Namibia na Bolivia, ulionyesha kwamba usingizi wao unafuata kushuka kwa joto la hewa, na wanaamka karibu na ile saa ya baridi kali kabla ya jua. Nililala Mwandoya nikiwa na habari hizo kichwani, na saa kumi na moja alfajiri, baridi ilipofika kilele chake, nilisikia watu wakikohoa, wakichochea moto, wakisalimiana "Mwangaluka". Ni baridi iliyowaamsha, na ni baridi iyo hiyo iliyowapeleka kwa ng'ombe kabla ya mapambazuko.

Mavazi ya usiku yamebadilika sana. Mzee mwenye ngitili aliniambia babu yake alirudi na kabuti la jeshi kutoka Burma, alikopigana akiwa katika kikosi cha KAR (King's African Rifles) wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kwamba kabuti hilo lililindia ng'ombe hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Kabla ya hapo ilikuwa ngozi. Kisha blanketi la dukani, lililovaliwa mchana begani na kulaliwa usiku, kama Wataturu wengi wa Meatu wanavyofanya hadi sasa na mashuka yao. Siku hizi kijana anavaa shuka hilo juu ya koti la kuvimba lililovaliwa kwanza na mtu wa Ulaya au Korea. Nimeliona hilo pia Moshi, katika soko la Memorial, ambako makoti ya namna hiyo yanapiganiwa na wapagazi wa Kilimanjaro. Mlimani kule nguo ni uhai, na tangu mwaka 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi unaowaazima mavazi ya baridi. Mchungaji wa Meatu hana wa kumwazima. Ana mnada.

Hapa ndipo nilipoumia, na sioni sababu ya kuficha. Watu wanaojaza maghala kwa pamba wananunua joto lililotengenezwa kwa plastiki mbali na hapa. Sehemu kubwa ya pamba yetu ikishachambuliwa inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Viwanda vya Mwatex kule Mwanza na Mutex kule Musoma vilijengwa ili pamba ya Kanda ya Ziwa ivaliwe na watu wa hapa, na vikadhoofika. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuufunga mlango wa AGOA, mpango wa kuuza bidhaa katika soko lake bila ushuru, Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru. Sitamwambia mlinzi wa ghala avue koti lake kwa ajili ya sera. Lakini sikubali kwamba mambo hayana namna nyingine.

Sikubali kwa sababu ya mama mmoja fundi cherehani, mwenye kibaraza karibu na stendi, ambaye wote wanamwita Mayu, yaani mama. Nilimpelekea mshono wa koti uliofumuka. Alilitia mkono ndani, akazitoa nyuzi zile za plastiki kidogo, akazisugua kati ya vidole na kuzinusa.

"Hii haina hata harufu," alisema. Kisha akaingia ndani na kutoka na kizibao alichomshonea mumewe, anayelinda usiku: vipande viwili vya kitambaa, katikati pamba ya shambani kwake aliyoichambua mbegu kwa mkono, na mishono iliyopita mistari mistari ili pamba isikimbilie chini. Nyuma alikirefusha kikafunika kiuno na makalio, mahali ambapo mtu aliyekaa usiku kucha hupigwa baridi kwanza. Nilikibana kwenye kiganja kama nilivyofundishwa mnadani. Kikarudi kuvimba, polepole, lakini kikarudi.

Nilimuuliza kuhusu maji, nikikumbuka onyo la mzee. Alinitazama kwa upole.

"Ng'wanawane, mwanangu, mvua ya Julai umeiona wapi hapa?"

Kweli. Katika Meatu miezi ya baridi ndiyo miezi ya ukame, na mvua hunyesha wakati usiku ni wa joto. Ule udhaifu mkubwa wa pamba, unaoifanya isifae kwa mpanda mlima, hapa hauna nafasi ya kudhuru, mradi mtu avue nguo ya jasho kabla ya kulala. Nchi hii inalima nguo inayoifaa yenyewe, na inaivuna wakati uleule inapoihitaji.

Nilikijaribu kizibao chini ya koti langu kwenye machela, nikakipenda, nikaomba kukinunua. Akakataa, kwa kuwa kina mwenyewe, lakini akachukua vipimo vyangu. Akapima na machela pia, akauliza kama mtu anaweza kuishonea tandiko la pamba la kuning'inia chini yake, lisiguswe na mgongo. Nilimwambia watu wanafanya hivyo mbali, kwa vitu vya ghali. Akafikiri bei kwa sauti. Pamba nalima mwenyewe, alisema. Nikiiuza kwa kilo bei wananipangia, nikiishona bei naipanga mimi. Kinachomkwamisha ni kitambaa cha nje. Kile anachokipata Mwandoya kinapitisha upepo, na alitaka nailoni iliyosukwa kwa kubana, mita 12 kwa kuanzia, ya rangi ya giza, maana walinzi wawili walikuwa wameshaagiza na mmoja wao alitaka mfuko wa tochi upande wa kushoto. Akaniandikia orodha nyuma ya risiti ya mauzo ya pamba, na namba ya konda wa basi la Mwanza atakayeupokea mzigo.